Macho ya Mwanafunzi na Siri za Nyumbani Kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika kurasa za gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa humu, nalo ni namna tunavyoulizwa maswali katika darasa la Kiingereza, na namna tunavyotazamwa tunapojibu. Najua wako watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hana kimo cha kuwafundisha walimu kazi yao. Sikusudii hivyo. Walimu nawaheshimu, na mmoja wao ndiye aliyenihimiza niandike. Lakini jambo hili nimelibeba tangu Kidato cha Kwanza, na mzigo ukikaa kichwani muda mrefu shingo huuma.

Nilianza masomo ya sekondari katika shule nyingine, si hapa Rubwera wala si katika wilaya yetu ya Kyerwa, nami sitaitaja jina. Siku moja, katika juma la tatu au la nne tangu tufike, tulifundishwa kuzungumza juu ya jamaa zetu. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwenye bidii na moyo mwema. Aliandika ubaoni mwanzo wa sentensi kwa Kiingereza, "Baba yangu ni...", akatuamuru tusimame mmoja mmoja, dawati kwa dawati, tuimalizie. Wa kwanza akasema mkulima, wa pili mkulima, wa tatu dereva, wa nne mkulima. Mimi nilikuwa nikihesabu madawati ili nijue zamu yangu itafika lini, huku nikijiuliza fundi baiskeli kwa Kiingereza huitwaje.

Akasimama msichana aliyekaa mbele yangu. Hakusema neno. Aliinamisha macho, akashika pindo la sweta yake akawa analisokota kidoleni. Mwalimu akangoja kidogo, akamwambia amtazame usoni. Hakumtazama. Mwalimu akadhani neno limempotea, akaanza kumsaidia: mkulima? mvuvi? mwalimu? Kwa kila neno msichana akatikisa kichwa, na kila alipotikisa sisi tukacheka. Naona haya kusema kwamba kicheko changu kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa nilikuwa nyuma yake na nilitaka nionekane hodari. Mwalimu akasema kwamba asiyejibu atabaki amesimama mpaka kengele. Ndipo yule msichana akafungua kinywa akatoa sentensi nzima isiyo na kosa hata moja, sentensi iliyo bora kuliko zetu zote siku ile. Alisema kwamba baba yake yuko gerezani.

Darasa likanyamaza. Mwalimu alisema "vizuri sana", kwa sababu sarufi ilikuwa sahihi, akaninyoshea mimi kidole. Nikasimama, nikasema fundi baiskeli kwa Kiingereza kibovu, nikakaa.

Kabla ya jua kutua habari ile ilikuwa imefika mabwenini kote. Kesho yake msichana alikuwa na jina jipya. Sikulitunga mimi jina lile, lakini nililitumia. Muhula wa pili hakurudi. Sisemi kwamba aliacha shule kwa ajili ya hayo peke yake. Mtoto ambaye baba yake amefungwa ana sababu nyingine nyingi, maana hata kama ada imefutwa, sare na daftari na nauli hazikufutwa. Lakini siwezi kuapa kwamba kicheko chetu hakikuwamo.

Nimezifikiri sana dakika zile tano. Yule msichana alikuwa amekwisha kujibu tangu aliposimama. Macho yake yalijibu, na vidole vyake vilijibu. Aliyekuwa hajui lugha ile ni sisi.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tumelelewa kwamba mtoto hamkazii macho mtu mzima. Binti akimsalimu mkubwa hupiga magoti na macho yake huwa chini. Mvulana naye hainui uso ovyo. Ukimkodolea macho mzee wa kwetu utaulizwa umelelewa na nani. Kisha mtoto huyo huyo anafika sekondari, anaambiwa kwamba Mwingereza humtazama usoni anayesema naye, na kwamba asiyetazama ni mwongo au mwoga. Yawezekana ni kweli kwa Mwingereza, na yafaa tuijue desturi hiyo, maana ni sehemu ya lugha yake. Ila mtoto wa miaka 14 hawezi kuivua adabu ya mama yake mlangoni kama avuavyo ndala.

Kuna na la nyusi. Kwetu mtu aweza kukubali kwa kuinua nyusi tu, bila neno. Katika shule ile ile nilimwona mwalimu aliyetoka mkoa wa mbali akimwuliza mwanafunzi kama ameelewa. Mwanafunzi akainua nyusi. Mwalimu akaona amedharauliwa, akauliza tena kwa ukali. Mwanafunzi, kwa hofu, akainua nyusi juu zaidi. Sisi tulijua amesema ndiyo mara mbili. Aliadhibiwa kwa kusema ndiyo.

Lakini haya ya desturi kila mtu ayajua akikumbushwa. Ninalotaka kulisema zaidi ni hili la kimya. Katika darasa la lugha ya kigeni kimya huhesabiwa kuwa ni ujinga, kwa sababu aghalabu ndivyo kilivyo. Mwanafunzi asiyejua neno hunyamaza. Ukimtazama, macho yake hukimbilia darini au kwa jirani, midomo yake hujaribu jaribu, na akinong'onezewa neno uso humng'aa. Huyo ni wa kusaidiwa. Lakini kuna mwingine ambaye neno analo, na kwa kuwa analo ndiyo maana anyamaza. Huyu hatafuti msaada wa jirani. Hutafuta mahali pa kuweka mikono yake. Mimi si mganga wa kusoma nyuso, na pengine hukosea. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na kipindi cha dakika 40 atakosea zaidi, wala simlaumu.

Tena, tazameni jambo hili. Wengi wetu nyumbani twasema Kinyambo. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili. Tukiingia sekondari masomo yote karibu ni Kiingereza. Mtu akiniuliza kwa Kinyambo jambo nisilotaka kulisema, nina njia kumi za kulizunguka, nami naweza kumjibu kwa mzaha au kwa swali lingine, na yeye atafahamu kwamba amegonga mlango uliofungwa, ataondoka bila ugomvi. Kwa Kiswahili naweza kusema "baba hayupo", na maneno hayo mawili yana nafasi kubwa ndani yake: amesafiri, amefariki, ametuacha, amefungwa, hajulikani. Anayeuliza atachagua mwenyewe, na aghalabu hatauliza la pili. Lakini kwa Kiingereza cha Kidato cha Kwanza nitazungukia wapi? Nina maneno mia mbili, na yote ni ya moja kwa moja: baba, mama, nyumba, ng'ombe, gerezani, kaburi. Yule msichana angeulizwa kwa lugha ya kwao angejisitiri. Aliulizwa kwa lugha ambayo hakuwa bado na nguo za kuvaa ndani yake.

Hapo ndipo nionapo kwamba darasa la lugha ya kigeni ni tofauti na darasa la hesabu. Mwalimu wa hesabu akiniuliza tisa mara nane haniulizi habari za kwetu. Mwalimu wa Kiingereza, kwa asili ya kazi yake, huuliza jina, umri, mahali pa kuzaliwa, baba afanya nini, mama afanya nini, ndugu wangapi, mlikula nini jana, unaogopa nini. Kwake ni mazoezi. Kwa afisa wa polisi maswali hayo hayo ni maelezo ya mshtakiwa!

Mtu wa mbali atasema nakuza jambo dogo. Basi na atazame mahali tulipo. Wilaya yetu, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, imepakana na Uganda na Rwanda. Mkoa wetu wa Kagera uliona vita vya 1978 na 1979. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Mwaka 1994 Karagwe ilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda. Mwaka 2013 Serikali iliwaamuru wanaoishi mkoani bila vibali waondoke, na katika nyumba ambazo mume alikuwa wa upande huu na mke wa upande ule, watu waliagana. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu wakati ule sasa ni kijana wa rika letu. Mwulize kwa Kiingereza, mbele ya darasa zima, mama yake alizaliwa wapi na nyumbani kwao wasema lugha gani. Swali ni la sura ya kwanza ya kitabu. Jibu lake huenda mama yake amemkataza kulitamka tangu aanze kusema.

Wasomaji wa historia wajua kwamba mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe. Speke aliandika kwamba walishikana mikono kama wafanyavyo Waingereza, na kwamba hiyo ilikuwa desturi ya wanaume wa nchi hii. Nimependa sana habari hiyo, maana viganja vilielewana kabla ya wakalimani kufungua vinywa. Lakini liko na jambo la pili. Wanawake wa jamaa ya kifalme walikuwa wakineneshwa kwa maziwa, na Speke akatamani kujua unene wao. Akamwomba shemeji mmoja wa mfalme ampime. Mama yule alikubali baada ya Speke kuahidi kumwonyesha mikono yake na miguu yake mitupu. Speke akampima mkono, kifua, paja na kimo. Mwaka 1863 vipimo vile vikatokea katika kitabu chake huko Uingereza.

Watu wakisoma habari hii hukasirika juu ya kupimwa. Mimi nashangaa zaidi juu ya kitabu. Kupimwa alikubali; yalikuwa mapatano ya watu wawili ndani ya nyumba, nami nadhani walicheka. Kitabu hakikuwamo katika mapatano. Mama yule hakujua kwamba kipimo cha paja lake kitasomwa na watu wa ng'ambo ambao hatawaona kamwe, na kwamba hata leo, baada ya miaka zaidi ya 160, mwanafunzi wa Rubwera atakisoma.

Yule msichana naye alimjibu mwalimu. Hakuwajibu watu wa bwenini.

Na siku hizi hakuna haja ya kungoja miaka miwili kitabu kipigwe chapa. Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini wakubwa wanazo. Likizo iliyopita jirani yetu alinionyesha katika simu yake picha za mtoto wa shule, sijui wa mkoa gani, akihangaika kutamka sentensi ya Kiingereza, na sauti ya mtu mzima nyuma ya simu ikicheka. Mtoto alikuwa amekaza macho chini, akikunja vidole vya miguu katika mavumbi. Jirani alicheka mpaka machozi. Alikuwa ametumiwa na mtu, naye amekwisha kuwatumia wengine. Nilimwambia kwamba yapo mambo ya sheria hapo, akadhani nafanya utani. Si utani. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, yampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya familia yake, wala haisemi kwamba mtu ni yule aliyemaliza shule. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo huhesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa zile nyeti.

Wazee wetu wa zamani waliona mabaya kuliko haya, na hapana budi tuseme kweli. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha 1986 jinsi katika utoto wake mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kigikuyu shuleni alivyoweza kuchapwa, au kuvikwa shingoni kibao cha kumwita mpumbavu au punda. Mwili wa mtoto uligeuzwa ubao wa matangazo. Nchini kwetu pia wapo waliovaa vibao vya namna hiyo, na si wote ni wazee. Kibao cha mti twaweza kukichoma moto kwa dakika moja. Jina la kutaniwa, kama lile tulilompa yule msichana, halina mti wa kuchoma.

Rafiki yangu mmoja, tuliyebishana juu ya makala haya tukichota maji, aliniambia hivi: ukimruhusu mwanafunzi asiseme kweli katika darasa la Kiingereza, unamfundisha uongo. Hoja hii si ya kudharauliwa, na mzazi mcha Mungu ataipenda. Nilimjibu kwamba tangu utoto twaambiana paukwa, tunaitikia pakawa, na sungura anamdanganya fisi mpaka kuku wanalala, wala hakuna aliyeitwa mwongo. Mchezo una mlango wake wa kuingilia na kila mtu auona. Akanipiga kwa methali, mficha uchi hazai. Nikamwambia ni kweli, lakini anayetaka kuzaa haendi kuuonyesha sokoni Nkwenda siku ya gulio. Hapo ndoo zilikuwa zimejaa.

Tazameni pia Baraza la Mitihani. Matokeo ya Kidato cha Nne hutolewa kwa namba ya mtahiniwa. Nchi nzima yaweza kupima Kiingereza cha mtoto bila kumtangaza jina, wala haimwulizi msahihishaji kama habari za baba katika insha ni za kweli. Yeye hutazama sentensi. Sasa kama mtihani wenyewe haudai siri za nyumba, kipindi cha Jumanne asubuhi kinazidai kwa nini?

Mwalimu wetu wa sasa, ambaye hataki nimsifu kwa jina, ana dawa yake. Mwanzo wa mwaka alichora ubaoni nyumba yenye watu sita, akawapa majina ya kuchekesha, akatuambia kwamba kwa mwaka huu wote hao ndio jamaa zetu. Anayetaka kusema habari za kwao wenyewe aseme. Asiyetaka, achukue mtu ubaoni. Yule baba wa ubaoni amekwisha kuwa askari wa Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa, amekuwa mpishi wa meli, na juma lililopita alikuwa rubani aendaye Nkwenda kila siku kuchukua ndizi. Mama wa ubaoni ni jaji. Wale ambao zamani hawakusema sasa hawanyamazi, nasi twapata maneno mengi kuliko tulipokuwa darasa zima la wakulima. Sijui ni nani kati yetu huchukua baba wa ubaoni kwa kupenda mchezo na nani kwa kuwa hana njia nyingine, na sitaki kujua. Hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Tena akiona mtu ameinamisha macho hamwamuru kumtazama. Humwambia kwa upole, "nitarudi kwako," akapita. Akirudi baadaye humwuliza swali lingine kabisa. Siku ya kwanza tulidhani anasahau.

Na sisi wanafunzi tusijifanye kwamba kosa lote ni la meza ya mbele. Mwalimu yule wa shule ya kwanza aliuliza swali baya, lakini hakufika bwenini kulieneza jibu. Hiyo ilikuwa kazi yetu. Januari watakuja Kidato cha Kwanza wapya, wenye sweta kubwa kuliko wao, na baadhi yao watasimama darasani kimya. Naomba viranja wa madarasa walizungumze jambo hili kabla hawajafika: kwamba mtu akijikwaa katika Kiingereza asichekwe, na kwamba habari za nyumbani kwa mtu zikitamkwa darasani zibaki humo.

Yule msichana nilimwona tena mara moja, mwaka jana, kituoni mwa magari, amebeba mtoto ambaye sijui ni wake au ni wa dada yake. Alinitambua. Nilitaka kumwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga siku nyingi, lakini gari lilikuwa likipiga honi, na nikajikuta natazama viatu vyangu. Alinisalimu yeye kwanza.

Mwenye kunipinga na aandike katika toleo la muhula ujao, nami nitamjibu.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Rubwera.